Kamera mpya ina megapikseli nyingi, mbona picha zina ukungu?

Kazi yangu ni kupiga picha za watu na za bidhaa, na wenzangu wanaohama kutoka kamera ya megapikseli 24 kwenda ya 45 au 61 huniletea lalamiko lile lile: picha za kamera mpya zina ukungu kuliko za ile ya zamani. Usiirudishe dukani kwanza. Picha ya megapikseli 24 ina upana wa pikseli 6000 hivi. Ya 45 ina 8200 na ushee. Ukizivuta zote hadi asilimia 100 kwenye skrini, ile ya pili unaitazama ikiwa imekuzwa zaidi, kwa hiyo na kasoro zake zimekuzwa. Zipunguze zilingane upana, ndipo uzipambanishe. Mara nyingi mpya itashinda.

Lakini ukitaka kila pikseli uliyoinunua ifanye kazi, itabidi ubadili mazoea. Pikseli za sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga, zimekuwa ndogo, na mtikisiko uliokuwa unaishia ndani ya pikseli moja sasa unamwagika hadi ya jirani.

Tafuta chanzo kabla ya kubadilisha chochote. Chukua ukurasa wenye maandishi madogo, uulaze kwa mshazari, lenga mstari wa katikati, piga, kisha uvute picha uzitazame herufi. Je, vijiti vya wima vya herufi vina kivuli pembeni, huku vya mlalo vimenyooka safi? Mkono ulitikisika kwenda kando. Je, mstari uliolenga una ukungu, ila mstari wa tatu juu yake unasomeka vizuri kabisa? Hapo tatizo ni fokasi, yaani lenzi imelenga umbali usio sahihi. Kukiwa na ukungu kwenye kona tu, hiyo ni lenzi. Na ukurasa mzima ukiwa laini kwa usawa, bila mwelekeo wowote, angalia kama hukubana mno tundu la lenzi, au kama kioo cha mbele hakina alama za vidole.

Mimi hukuta mtikisiko mara nyingi kuliko yote mengine. Kanuni ya zamani ilisema lenzi ya milimita 85 itumie spidi ya shata (muda mwanga unaoingia) ya sekunde 1/85 hivi. Kwa sensa hizi naona haitoshi: anzia 1/200, na mtu akiwa anaongea au anacheka, panda hadi 1/320. Kidhibiti mtikisiko kilicho ndani ya kamera husaidia mkono wako. Hakimzuii anayepigwa picha asigeuze kichwa. ISO, yaani kiwango cha kamera kukuza mwanga, ikipanda hadi 1600 kwa ajili ya hiyo spidi, iache ipande. Chenga, zile punje punje za picha, zinapunguzika baadaye, na picha ikipunguzwa ukubwa nyingi hupotea zenyewe. Picha iliyotikisika ndiyo imetoka hivyo. Tena, picha ya giza unayoiinua mwanga kwenye kompyuta huwa na chenga kuliko ile iliyopata mwanga wa kutosha tangu mwanzo.

Bana viwiko mbavuni, bonyeza taratibu, piga tatu mfululizo. Ya katikati huwa tulivu zaidi, kwa kuwa kidole hakibonyezi wala hakiachii. Kwenye tripodi tumia taima ya sekunde 2, na usiinue nguzo ya katikati isipokuwa lazima. Soma pia maelekezo ya lenzi yako: zipo zinazotaka kidhibiti kizimwe zikiwa zimesimama imara.

Kuhusu fokasi, lenzi ya 85 iliyofunguliwa f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), mtu akiwa mita moja na nusu, inakupa kina cha sehemu kali cha sentimita 3 hivi, na ukivuta picha hadi asilimia 100 utakiona ni kidogo zaidi. Kope zinasomeka moja moja, sikio halipo. Washa utambuzi wa jicho au chagua kialama kidogo cha fokasi ukiweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Kitu kisichojongea, kuza picha kwenye skrini ya kamera uzungushe fokasi kwa mkono.

Lenzi nyingi hutoa ukali wake wote kati ya f/5.6 na f/8. Ukipita f/11 mwanga huanza kutawanyika: kwenye f/16 nukta moja ya mwanga hutandaa karibu pikseli tano za sensa ya megapikseli 45. Kwa pete au saa ninayotaka ionekane yote, napiga picha kadhaa kwenye f/8, kila moja na fokasi yake, kisha naziunganisha.

Vumbi la sensa nalo litajitokeza. Piga ukuta mweupe kwenye f/16, ukiwa umeipoteza fokasi kabisa. Madoa ya kijivu ndiyo hayo. Tumia pampu ya mkono ya kupulizia hewa, kamwe usipulize kwa mdomo, mate yatarukia kioo cha sensa.

Piga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Kwenye programu, ongeza ukali kwa rediasi (upana unaoguswa kando ya kila ukingo) ndogo, pikseli 0.8 hivi, na uziwekee kinga sehemu laini kama ngozi na anga. Kuondoa chenga usikazane sana; ngozi ikipoteza vinyweleo inakuwa kama nta. Nakala ya simu ipunguze ukubwa kwanza, ndipo uiongezee ukali wa mwisho.