Wenye uwanja huku kusini, wawekeeni ndege maji

Wadau wa Mtwara na Lindi, mvua si imeshakata na mpaka Novemba au Desemba ndo irudi tena, sasa ndege wa uwanjani saa hizi shida yao kubwa ni maji kuliko hata chakula. Chukua kitako cha chungu kilichovunjika (usitumie sufuria, maji yake yanachemka juani), maji yawe na kina cha sentimita 3 hivi, tia jiwe katikati chiriku wapate pa kusimama, weka mahali peupe mbali na kichaka maana paka wa jirani anajibanza hapohapo. Maji badilisha kila siku na usugue ule utelezi wa kijani, ukiacha wiki nzima ushafuga mbu. Na siku wanapuliza salfa (ile dawa ya unga ya ukungu) kwenye mikorosho ya karibu mwaga yote, weka mengine jioni.

Chakula, mtama au chenga za mchele konzi moja asubuhi inatosha, shore yeye mpe kipande cha papai lililoiva sana atalichokonoa mpaka libaki ganda. Karanga zenye ukungu usiwape kabisa, ile sumukuvu inawadhuru hata wao, na ubwabwa wa chumvi pia hapana.

Halafu jamani vyombo vyao visichangamane na vya kuku, kideri, ule ugonjwa wa kuku, kinaweza kuingia bandani kupitia ndege wa porini. Mi chakula nakining'iniza kwenye mwembe. Kunguru tu ndo sijampatia dawa, yule mjeuri sana.