Gari la kasi, matuta ya Tanga: kuchagua shokapu na springi kwa bajeti ndogo

Kijana wa Chumbageni alikuja gereji asubuhi na Toyota Altezza nyeupe, toleo la RS200, rimu za inchi 17 zinang'aa, na milioni moja na laki mbili mfukoni. "Shikamoo fundi, nataka koilova," akasema hata gari hajalizima. Anamaanisha seti ya springi na shokapu za kurekebishwa kimo. Marahaba mwanangu, lipandishe kwanza tulione. Likiwa juu ya stendi nilishika tairi la mbele kushoto, mkono mmoja juu na mwingine chini, nikalitikisa: ngo, ngo. Boljointi ya chini, kile kiungo cha duara kinachoshika gurudumu, imekwisha. Bushi za amu, ile mipira ya mikono ya chuma inayoshika gurudumu, zimechanika mpaka chuma kinachungulia. Shokapu ya nyuma kulia imevuja, mafuta yameshika vumbi yamekuwa kama halua.

Hizo koilova tungezifunga juu ya nini?

Ninaeleza hapa mpangilio ninaoufuata mimi kwa gari la kasi ambalo mwenyewe analiendea kazini kila siku na fedha zake si nyingi. Mifano mingi ni ya Altezza kwa sababu ndizo zinazonijia, lakini ukiwa na Impreza au Celica mpangilio ni ule ule. Bei sitaji, maana spea hupanda na kushuka kila kontena likifika. Nitasema mafungu tu.

Hatua ya 1: Liandike gari linavyotumika

Chukua karatasi. Usiandike unachotamani, andika safari za wiki iliyopita. Yule kijana aliandika: nyumbani hadi kazini, Ngamiani mara mbili kwa siku, Pongwe siku tatu, Raskazone Jumapili. Kona za kupanda Lushoto kutoka Mombo, ambazo ndizo zilizomfanya aote koilova, amezipanda mara mbili tangu anunue gari. Maana yake fedha zake nyingi ni za matuta, mashimo na mwendesha baiskeli anayekatiza ghafla barabara ya 12. Gari likiweza kuyashika hayo, Lushoto litapanda vizuri tu.

Hatua ya 2: Kagua kabla hujanunua chochote

Usilale chini ya gari lililo juu ya jeki peke yake. Weka stendi.

Tikisa kila tairi juu na chini (boljointi, bearingi), kisha kushoto na kulia (tairodi, fito za usukani). Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi kuzunguka duara lote. Ukihisi mawimbi, bonde na mlima, mara nyingi shokapu imeshindwa kulituliza gurudumu na limekuwa likirukaruka. Shokapu yenye unyevunyevu kidogo juu si lazima iwe mbovu. Inayodondosha, au yenye ile halua niliyoitaja, imekwisha. Ile mbinu ya kubonyeza gari kwa mikono na kuhesabu linadunda mara ngapi hukamata shokapu iliyokufa kabisa. Iliyo mahututi hupita mtihani huo ikicheka.

Kutu nayo. Sisi tuko baharini, chumvi iko hewani hata kama hujawahi kuegesha Sahare. Angalia vikalio vya springi na sehemu ambazo amu hushika bodi. Kikalio kilicholiwa na kutu kinatengenezwa kwanza, la sivyo springi mpya itakitoboa.

Hatua ya 3: Matairi, tena huenda kwa kushuka saizi

Hapa vijana hunikasirikia. Saizi ya RS200 ni 215/45R17. Namba ya 45 maana yake ukuta wa tairi ni asilimia 45 ya upana, yaani kama milimita 97. Ukifunga 205/55R16, ukuta unakuwa karibu milimita 113, na kimo cha tairi zima hakibadiliki sana, tofauti ni kama asilimia moja. Umeongeza milimita 16 za mpira na upepo kati ya rimu yako na shimo bila kugusa shokapu. Tairi la 16 mara nyingi ni nafuu pia, na rimu ya 17 ukiiuza unarudisha kitu. Jaribisha rimu moja kwanza uone haigusi kalipa ya breki.

Soma tarehe ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nene lakini limezeeka na kukauka litakutelezesha mvua za masika zikianza, hata uwe na shokapu za dhahabu. Upepo jaza kwa kibandiko cha mlangoni kwa dereva ikiwa saizi ni ya kiwandani, si kwa jicho la mtu wa kompresa.

Hatua ya 4: Bushi na boljointi

Kama una fungu moja tu, liishie hapa. Altezza ina amu mbili kila gurudumu, mbele na nyuma, kwa hiyo bushi ni nyingi, na kila moja iliyolegea hufanya gurudumu lielekee linakotaka lenyewe. Watu hulalamika gari "linaogelea" kwenye kasi, wakanunua springi ngumu, kumbe ni mpira uliochoka.

Mpira wa kawaida au ile plastiki ngumu ya rangi, polyurethane? Kwa gari la kila siku, mpira. Plastiki ni imara na haraka kujibu, lakini hupitisha mtikisiko wote ndani na ikikosa grisi hulia kama mlango wa zamani. Ukitaka kuonja, weka plastiki kwenye bushi za stabilaiza (fimbo ya Hatua ya 7) tu.

Sasa jambo linaloharibu bushi nyingi mpya mjini hapa. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye chuma chake cha ndani na cha nje; haizunguki, inajinyonga. Ukikaza bolti ya amu wakati gurudumu linaning'inia, umeigandisha bushi katika mkao wa kuning'inia. Gari likishuka chini, mpira unakaa umenyongwa usiku na mchana, na hauchukui muda kuchanika. Funga bolti kwa mkono, shusha gari likae kwa uzito wake, lisukume mbele na nyuma kidogo, ndipo ukaze kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Fundi akikaza gari likiwa hewani, mwambie kwa adabu afungue.

Hatua ya 5: Shokapu

Springi inabeba gari. Shokapu inaituliza springi isiendelee kudunda. Gari linaloyumba kwenye kona na kuchukua muda kutulia baada ya tuta linaomba shokapu nzuri, si springi ngumu.

Kwa bajeti ya yule kijana nilichagua shokapu mpya za gesi zenye bomba ndani ya bomba, za ugumu wa kiwandani au zaidi kidogo. Excel-G za KYB ni za aina hiyo. Za bomba moja, kama Bilstein, hupoa vizuri zaidi na hushika gari kwa ukali, ila pistoni inakwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa nje, hivyo jiwe likibonyeza bomba, kazi imeisha. Kwa anayekwenda Pangani kwenye njia za vumbi mara kwa mara, hilo si la kupuuza. Koni za njano hurekebishika ugumu wa kurudi, na ni nzuri sana, lakini zikila bajeti yote rudi Hatua ya 3. Agiza kwa namba ya chesisi (SXE10 au GXE10), na nunua mbili mbili kwa ekseli. Kagua uchomeleaji na maandishi, usiliamini boksi peke yake. Jina lenye soko huigwa.

Na mtumba kutoka Japani? Huwa nanunua, lakini kwa masharti. Shokapu ya bomba ndani ya bomba iliyolala dukani huingiza gesi mahali pa mafuta, ukiisukuma utadhani imekufa. Isimamishe wima, ivute na kuisukuma yote mara tano sita, ndipo uihukumu. Baada ya hapo isukume polepole: isiwe na mahali inapolegea ghafla, na ya gesi irudi yenyewe bila kusita. Pitisha ukucha kwenye shafti. Ukikwama kwenye kidoti cha kutu, irudishe, maana kidoti hicho kitaikata sili. Tanga tuna msemo wa waja leo waondoka leo. Ubaki kwa wageni, usiwe wa shokapu.

Badilisha pia mauntini ya juu (kishikio cha shokapu kwenye bodi) na kile kimpira cha kugongea kilicho kwenye shafti, vikiwa vimekwisha. Springi ibanwe kwa kibano chake chenye skrubu mbili. Waya na kamba, hapana. Springi iliyobanwa ikiachia huvunja taya.

Hatua ya 6: Springi, kama fedha imebaki

Kwa matuta yetu, kushusha gari kwa milimita 20 hadi 25 kunatosha, na ukishusha zaidi ya hapo nunua shokapu fupi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Shokapu ya kawaida chini ya springi fupi hukaa karibu na kimpira cha kugongea muda wote. Kila shimo linapigwa nyundo. Kabla ya kununua, pakia watu wazima wanne, vuka tuta baya kuliko yote njiani kwako, mmoja achungulie nafasi iliyobaki chini ya bomba la ekzosti. Hiyo ndiyo akiba yako.

Kukata springi: niliwahi kukata zangu mwenyewe, grinda, dakika kumi, sifa nyingi. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi ukikata mmoja inakuwa ngumu kwa asilimia 20, na ncha yake haikai tena kwenye kikalio. Wiki ya pili, tuta la kuingia Muheza, gurudumu likaning'inia, springi ikacheza na kurudi upande. Kishindo kile kilimwamsha mama mkwe aliyekuwa amelala siti ya nyuma. Hakuuliza kitu mpaka tulipofika, na huko ndiko kubaya zaidi.

Wanaonyanyua gari kwa spesa juu ya springi nao wajue: shokapu haikurefuka. Inakaa imevutwa, na gurudumu likidumbukia shimoni inafika mwisho na kugonga.

Hatua ya 7: Stabilaiza

Hii ni fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona. Anza na linki zake, ni rahisi na mlio mwingi wa kokoto hutoka hapo. Fimbo nene zaidi inapendeza, ila ugumu wake hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo (kipenyo × kipenyo × kipenyo × kipenyo): kutoka milimita 20 kwenda 22 si nyongeza ya asilimia 10, ni karibu 46. Ukiiweka nyuma peke yake kwenye gari linalosukuma kwa nyuma kama Altezza, kona yenye maji itakuzungusha.

Koilova nazipitia haraka. Seti ya bei ya chini ina springi ngumu na shokapu dhaifu, na hewa ya chumvi hukamatisha ringi za kurekebisha kimo mpaka ufungue kwa nyundo. Ukizipata nzuri, osha nyuzi kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kila mwezi na upake grisi.

Hatua ya 8: Alaimenti na kipimo cha kamba

Endesha siku chache springi zikae, kisha piga alaimenti, yaani kunyoosha uelekeo wa magurudumu, kwa vipimo vya kiwandani. Matairi yanayotazamana kupita kiasi huliwa pembeni kabla hujafika Segera mara kumi.

Halafu funga kamba ya plastiki, ile ya kubania nyaya, kwenye shafti ya shokapu chini ya kimpira, ukitelezesha mpaka iguse bomba. Endesha njia yako ya kawaida. Bomba litaisukuma kamba juu, na ilipoishia ndipo shokapu ilipofika. Kwenye Altezza ya kijana, baada ya Pongwe kwenda na kurudi, kamba ilibaki na upana wa kidole kabla ya kimpira. Akauliza kama sasa tunaweza kushusha kidogo. Nikamwonyesha kidole.

Mwisho piga mstari wa rangi kuvuka kila nati na chuma inapokaa, uangalie tena baada ya wiki. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Mimi natumia rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu. Ameshajua zinakoishia.