Somo: Maelezo kiasi gani yanatosha katika hadithi?

Swali hili linaniandama kila wiki, basi nalijibu hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Maliza rasimu nzima kwanza. Usipime kitu.

2. Jua nani anatazama. Kijana wa Wete, Pemba, anayeshuka bandari ya Malindi ya Unguja mara ya kwanza ataikodolea macho milango ya nakshi. Aliyezaliwa Mji Mkongwe haioni. Anaona dari linalovuja.

3. Fuata haraka ya mhusika. Hapa ndipo hadithi nyingi zinapoharibika, kwa hivyo someni taratibu. Wingu la vuli limefunga, karafuu zimeanikwa majamvini, mama anawaita watoto wakimbilie. Mwandishi naye anasimama kueleza jinsi karafuu mbichi inavyokuwa kijani chenye wekundu, inavyogeuka hudhurungi, na bei yake kwa kilo. Hofu yote inamtoka msomaji. Pale bakisha kile mikono inachoshika: pembe ya jamvi, karafuu zinazomwagika. Rangi na harufu zipeleke usiku uliotangulia, watu wamekaa barazani wanachambua, mikono ina kazi na midomo iko huru.

Tahadhari: msikate kila pahala. Usiku ule ukiukausha, mvua ikija msomaji hana la kuhofia, maana hajui karafuu zile ndizo sare za skuli za nani.

4. Isome kwa sauti. Utakapojikuta unaharakisha, kata.

MASWALI

– Kila mhusika apewe sentensi ngapi?
Hakuna idadi. Hatua ya 2.

– Yangu ndefu mno, naomba unipunguzie.
Umeisoma kwa sauti? Anza hapo.

– Shikamoo mwalimu. Wasomaji wa bara hawayajui makonyo, vile vijiti vya karafuu. Niyaeleze?
Marahaba mwanangu, umeuliza la maana. Usiisimamishe hadithi kutoa maana; mpe mtu kazi. Bibi atenge karafuu huku, makonyo kule, kisha amkaripie mjukuu aliyeyachanganya. Msomaji wa Dodoma atafahamu, na bibi atakuwa keshamjua. Niletee ukurasa huo nitausoma.

– Mie msimu nauonesha kwa upepo.
Ahsante sana, wengine chukueni hiyo. Nahodha akisema pepo za kusi zimeshika, miezi ya kaskazi imeshapita na bahari ya kuvukia Pemba imechafuka. Hapo huna haja ya kutaja mwezi, wala kueleza mawimbi mpaka abiria aanze kutapika.