Besiboli na magitaa Nyanda za Juu Kusini: namna ya kuandaa siku ya familia nzima

Msimu wa besiboli Marekani huanza mwishoni mwa Machi na kufika kilele Oktoba. Huku kwetu Mbeya, Iringa na Njombe, mvua hukatika kati ya Aprili na Mei na hazirudi kwa nguvu mpaka karibu na Novemba. Yaani miezi yao ya mchezo ni miezi yetu ya kiangazi. Kwa atakayewakusanya ndugu na marafiki, viwanja vya shule ni vikavu, na bendi inaweza kupiga nje bila turubai.

Kuna jambo jingine linalotupendelea. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo kuliko Denver, mji ambao wachezaji wa Marekani wanaujua kwa mipira inayopaa kupita kiasi. Hewa ya juu ni nyepesi, hivyo mpira uliopigwa vizuri unakwenda mbali zaidi, na mpira wa kurushwa kwa kupindisha haupindi sana. Mpigaji anafurahi, mrushaji anapata kazi. Kwa siku ya familia hilo ni jema, maana watu wanataka kuona mpira ukipigwa.

Uwanja

Usihangaike kupima pembe. Kona ya uwanja wa soka tayari ni nyuzi 90, na hapo ndipo pa kuweka “nyumbani”, mahali anaposimama mpigaji. Chagua kona itakayomfanya mpigaji atazame kusini, kwa sababu kuanzia Juni hadi Agosti jua la mchana linakaa upande wa kaskazini. Likiwa mgongoni mwake, anauona mpira. Walinzi wa mbali ndio watakaolitazama jua, kwa hiyo kofia zote za chepeo ziende kwao.

Ligi kubwa wanatumia mita 27.43 kati ya kituo na kituo anachokimbilia mpigaji, na mita 18.44 kutoka kwa mrushaji hadi nyumbani. Kwa mchanganyiko wa watoto, akina mama na wajomba, tumia mita 18 kati ya vituo na mita 12 kwa mrushaji. Kutoka kwenye kona pima mita 18 kwenye mstari wa kulia, weka kituo cha kwanza; pima mita 18 kwenye mstari wa kushoto, weka cha tatu. Umbali kati ya hivyo viwili lazima uwe mita 25.46. Ukipungua au kuzidi zaidi ya nusu mita, mistari ya soka yenyewe imepinda, ifuate kamba. Kwa kituo cha pili, chukua kamba ya mita 36 yenye fundo katikati, funga ncha kwenye kituo cha kwanza na cha tatu, kisha vuta fundo kuelekea ndani ya uwanja mpaka kamba ikaze. Fundo liliposimama ndipo penyewe.

Vituo vinashonwa kwa viroba: mraba wa sentimita 38, ndani maranda, unene usizidi sentimita 5. Usijaze mchanga na usifunge kwa vigingi. Mtu anayekimbia akikanyaga kitu kigumu kisichosogea, kifundo cha mguu ndicho kinachosogea. Mistari iliyofifia irudishie kwa majivu au maranda, kwani vumbi la chokaa kavu linachoma macho ya watoto wanaoanguka.

Nyuma ya mpigaji, kama mita 6, lazima pawe na wavu. Hapa wengi wanakosea kwa kuazima wavu wa goli. Matundu yake ni makubwa, na mpira wa besiboli una kipenyo cha sentimita 7 na kidogo, kwa hiyo unapita. Agiza kipande cha wavu wa uvuvi kutoka Kyela, hata kikuukuu, upana wa mita 8 na kimo cha mita 4, ukifunge kwenye nguzo mbili za mikaratusi. Mahali salama pa watazamaji ni nyuma ya wavu huo. Miti ya goli lililo kwenye mstari wako izungushie viroba vya maranda.

Vifaa

Gongo la kupigia linakerezwa na fundi seremala yeyote mwenye mashine ya kukereza. Mwambie: urefu sentimita 80 kwa wakubwa na 70 kwa watoto, kipenyo kisizidi sentimita 6.6 kwenye kichwa, sentimita 2.5 kwenye mshiko, na kifundo mwishoni ili lisichomoke. Msindano wa Mufindi ni mwepesi, lakini hupasuka mapema. Tafuta mti mgumu uliokauka, wa aina inayotengenezewa mipini ya majembe, na nyuzi zake ziwe zimenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyuzi zikikata mshazari, gongo litavunjika kwenye shingo na kipande kitaruka. Mshiko uuzungushie ukanda wa tyubu ya baiskeli.

Mpira halisi una gramu 142 hadi 149 na ni mgumu. Usiutumie bila glavu za kudakia, wala bila kofia ngumu kwa mpigaji na kinga ya uso kwa mdakaji anayekaa nyuma yake. Kwenye marundo ya mitumba ya michezo glavu huonekana mara mojamoja. Anayetumia mkono wa kulia anaivaa kushoto. Kwa siku ya familia, mpira wa tenisi unatosha kabisa. Nunua 6, maana 2 itapotelea majanini.

Kanuni za kutosha kuanzia

Mpigaji akiupiga mpira ndani ya mistari miwili anakimbilia kituo cha kwanza. Anatolewa mpira ukidakwa kabla haujagusa ardhi, ukifika kituo cha kwanza kabla yake, au akiguswa na mlinzi mwenye mpira akiwa nje ya kituo. Akizunguka vituo vyote na kurudi nyumbani, timu inapata alama moja. Wakitolewa watatu, timu zinabadilishana. Wakubwa wanacheza raundi 9, yaani kila timu inapata zamu 9 za kupiga, nyinyi chezeni 5.

Kinachoua mchezo wa wageni ni mrushaji asiyelenga. Watu wanasimama, mpira unapita juu na pembeni, na baada ya dakika 20 watoto wameondoka. Dawa ni kila timu irushiwe na mtu wake mwenyewe, kwa mkono wa chini, mipira 5 kwa kila mpigaji. Asipopiga, amekwisha. Waliokulia kwenye rede watazoea haraka kuliko wanasoka, kwa sababu mkono wao umeshazoea kulenga.

Kanuni moja isilegezwe: anayelitupa gongo baada ya kupiga ametolewa. Gongo lililotupwa linaweza kuumiza mtu vibaya. Wanaosubiri zamu wakae nyuma ya kamba, mita 6 kutoka kwa mpigaji.

Bendi

Besiboli ina mapengo mengi, na hapo ndipo muziki unapokaa. Viwanja vya Marekani vina desturi ya kinanda kujaza mapengo hayo. Wrigley Field ya Chicago ilianza mwaka 1941. Wapigaji nao huingia kila mmoja na kipande chake. Bendi ya roki inaweza kufanya yote haya vizuri kuliko muziki uliorekodiwa, na Mbeya na Iringa hazikosi vijana wa kwaya na wa dansi wenye gitaa la solo, la besi na ngoma.

Wape mpango ulioandikwa. Kila mpigaji, sekunde 8 hadi 10: mlio mmoja wa gitaa na ngoma. Timu zinapobadilishana, sekunde 90. Mwisho wa raundi ya 3, wimbo mzima, watu wote wasimame na kuimba, na hapo wimbo wa Kiswahili unaojulikana ndio unaofaa. Mchezo ukiisha, onyesho lenyewe la dakika 45.

Mwamuzi akiinua mkono, vyombo vyote vinanyamaza, hata mpiga ngoma aliyezoea kugongagonga. Mlinzi husikia mlio wa gongo kabla hajaona mpira unakoelekea, na wawili wanaokimbilia mpira mmoja hujinusuru kwa kuitana “Wangu!” Wasiposikiana, watagongana vichwa.

Jukwaa liwe nyuma ya wavu, pembeni. Spika zisimame mbele ya maiki, juu ya vichwa vya watu, kama mita 2. Maiki ikiwa mbele ya spika itapiga mluzi hata ufanye nini. Magitaa yakae kivulini, kwa sababu asubuhi ya Julai ni baridi, na jua likiyapiga nyuzi zinalegea na sauti inashuka.

Jenereta ya kVA 3 inaendesha spika mbili, mikisa na vikuza sauti vidogo vya magitaa. Lakini hewa yetu nyepesi inapunguza nguvu za injini za petroli, kati ya asilimia 15 na 20 kwa mwinuko wa Mbeya. Ihesabu kama kVA 2.4, na birika la umeme lisichomekwe hapo. Iweke mita 25 upande ambao upepo unapeleka moshi mbali.

Barua ya kuomba uwanja iende kwa mkuu wa shule wiki mbili kabla, na mtendaji wa mtaa na kituo cha polisi wajue kuna vipaza sauti. Anza saa 5 asubuhi, mpira uishe saa 8, muziki saa 9 na nusu. Ukichelewa, baridi itawatawanya watu.

Chakula kisiwe cha sahani. Karanga za kukaanga, ndizi za kuchoma, viazi vya kuchemsha, chai ya Rungwe kwenye chupa. Kwa watu 25, kilo 10 za viazi. Maharage yapikwe jana yake, maana maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi na maharage hayaivi haraka.

Kutazama mechi za Marekani usiku

Msimu mzima New York iko nyuma yetu kwa saa 7, na Los Angeles kwa saa 10. Mechi ya New York ya saa 7 mchana kwao ni saa 2 usiku kwetu, na hiyo ndiyo ya familia, hasa Jumapili. Za jioni ya New York zinaanguka saa 8 usiku, ziacheni. Za jioni ya Los Angeles zinaanza karibu saa 11 alfajiri, na waamkao mapema watazipenda. Tangu saa ya kumhimiza mrushaji ianze kutumika mwaka 2023, mechi nyingi zinaisha ndani ya saa 2 na dakika 40 hivi. Usiku huo umeme wa jukwaani hauhitajiki. Gitaa kavu moja linatosha kati ya raundi na raundi, na jirani analala. Kwa intaneti, shusha ubora wa picha hadi 480, na kifurushi cha GB 3 kitafika mwisho wa mechi.