Ralanti inayumba baada ya kuweka injeksheni: tafuta hewa kabla ya petroli

Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 2F, karbirateri imetolewa, bodi ya injeksheni ya kununua imekaa mahali pake. Inawaka vizuri. Ukiachia pedali, ralanti (mzunguko wa injini pedali ikiwa imeachiwa) inapanda hadi mizunguko 1,200 kwa dakika, inashuka hadi 500, inazima. Wengi hukimbilia skrini ya kompyuta ya injeksheni kuongeza petroli. Usiiguse bado. Injini iliyo kwenye ralanti hupumua kidogo sana, na tundu dogo la hewa ambalo mwendoni hata hulisikii, hapa linavuruga hesabu yote ya kompyuta.

Hatua ya 1: swichi wazi, injini haijawaka

Soma sensa ya mgandamizo wa manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda). Hapa Goma tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo tarajia karibu kilopaskali 85. Ikisoma 100, hiyo ni hewa ya pwani: sensa au waya wake una kasoro, na kompyuta itamwaga petroli kwa hewa ambayo haipo.

Sensa ya kipepeo (kibamba kinachofungua njia ya hewa ukikanyaga pedali) isome 0. Ikibaki 1 au 2, kompyuta inadhani mguu uko kwenye pedali. Mara nyingi ni kebo ya pedali iliyokazwa kupita kiasi. Nyaya za umeme na masi (waya hasi) ziende moja kwa moja kwenye batri.

Hatua ya 2: hewa ya wizi

Hapa usiharakishe. Injini ikishafika nyuzi 75 au zaidi, tazama vali ya hewa ya ralanti. Ikiwa imefunga kabisa, asilimia 0, na mizunguko bado iko juu, kuna hewa inayoingia kwingine, au kipepeo kimeachwa wazi mno. Bana kwa koleo mpira wa sevo ya breki, kisha mpira wa kupumulia injini, mmoja baada ya mwingine. Mizunguko ikishuka, umeupata.

Baada ya hapo nenda kwenye gasketi. Kwenye 2F, manifoldi ya egzosi iko chini ya ile ya hewa, upande uleule, na zote mbili hutumia gasketi moja. Zikipinda kwa joto, hewa hupita. Barabara za mawe ya volkano nazo hulegeza nati, hasa za bamba la kuunganishia bodi mpya. Zikaze kwa msalaba. Dawa ya kusafishia karbirateri puliza asubuhi tu, mara baada ya kuwasha, egzosi ikiwa bado baridi, kidogo kidogo, kizima moto kikiwa karibu. Sauti ikibadilika, hapo ndipo pametoboka.

Hatua ya 3: skrubu ya kipepeo

Injini ya moto, gia huru. Zungusha robo kwa robo mpaka vali isome asilimia 5 hadi 10. Ikizidi 30, kipepeo kimefungwa mno. Kisha zima swichi, subiri nusu dakika, fungua tena ili kompyuta isome 0 mpya. Ukiruka hili, utadhani skrubu haifanyi kazi.

Hatua ya 4: sasa petroli

Lenga uwiano wa hewa kwa petroli wa 13.5 hadi 14. Sensa ya oksijeni hudanganyika: egzosi ikivuja kabla yake, au bujia moja isipochoma, huona oksijeni nyingi, kompyuta huongeza petroli, na bujia huzidi kuwa nyeusi. Kwa hiyo bujia kwanza. Mifumo mingi ya aina hii hutaka presha ya petroli ya karibu baa 4. Ikishuka, badilisha filta. Petroli ya makadafi (wauzaji wa petroli wa barabarani) inaweza kuja na maji.

Mwishoni futa yote ambayo kompyuta ilikuwa imejifunza, maana iliyajifunza hewa ikivuja, kisha iache ijifunze upya injini ikiwa moto.