Kufufua ukoka kwenye ardhi iliyoshindiliwa

Uwanja wa nyumbani ukianza kutoka upara, pale watoto wanapochezea mpira au gari linapogeuzia, watu wengi hukimbilia mbolea. Hapo mbolea haifai kitu. Udongo ulioshindiliwa hauna nafasi ya hewa, mizizi imebanwa, maji ya mvua yanateleza juu kama kwenye sakafu, na mbolea yenyewe inaishia mtaroni. Ardhi ifunguliwe kwanza kwa kuitoboa matundu, chakula kifuate.

Pima kabla ya kushika chombo. Siku moja baada ya mvua nzuri, sukuma bisibisi ndefu ardhini kwa mkono. Penye udongo mzuri inazama sentimita 15 bila shida. Ikigoma kwenye 4 au 5, ardhi imeshindiliwa. Usipime wakati wa kiangazi, kwani udongo wa mfinyanzi ukikauka huwa mgumu hata kama hauna ugonjwa. Tazama na kivuli pia. Ukoka ni mmea wa jua. Kama upara uko chini ya mwembe, kutoboa ardhi hakutaurudisha. Panda hapo nyasi za majani mapana zinazovumilia kivuli.

Wakati mzuri ni mvua za kwanza za masika, kwa sehemu nyingi mwezi Machi, maana nyasi zitapata wiki nyingi za kukua. Vuli nayo inafaa ikiwa una maji ya kumwagilia Januari. Finyanga donge la udongo mkononi: likimomonyoka ukiligusa, anza kazi. Likinata na kung'aa, subiri siku mbili. Ukitoboa tope, meno ya uma wa kulimia yanapiga lipu kuta za tundu, na zikikauka mizizi haipenyi.

Kata nyasi hadi sentimita 2 au 3, kisha piga reki kwa nguvu mpaka nyasi kavu zilizogandamana zitoke. Chukua uma wa kulimia wenye meno manne, uzamishe sentimita 10 hadi 15, vuta mpini nyuma kidogo mpaka ardhi inyanyuke, chomoa, rudi nyuma sentimita 10, rudia. Fanya kazi kinyumenyume ili usikanyage ulipokwisha kutoboa. Uma ukishindwa kuingia, usiulazimishe, utapinda meno. Mwagilia jioni na ujaribu kesho yake. Nondo ya milimita 12 iliyochongwa ncha na kupigwa nyundo inafanya kazi hiyo pia, ila inachosha, na kwenye mfinyanzi inabana kuta za tundu. Kinachofaa zaidi huko ni kifaa chenye meno ya bomba, kinachong'oa vipande vya udongo na kuacha tundu wazi.

Matundu yajazwe siku hiyo hiyo. Kwa mita za mraba 100 andaa madebe 25 ya lita 20, yaani lita 500, ambazo zikitandazwa ni unene wa milimita 5. Kwenye mfinyanzi changanya madebe 15 ya mchanga wa mto na 10 ya samadi iliyooza na kuchekechwa. Pwani, penye udongo wa kichanga, tumia mboji tupu. Mchanga wa baharini uache, una chumvi. Sukuma mchanganyiko kwa ufagio mgumu hadi uingie matunduni na ncha za majani zibaki zinaonekana.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kumwaga udongo mwekundu unene wa kiganja juu ya ardhi ngumu. Miezi miwili uwanja unapendeza. Halafu mizizi inafika kwenye ule ugumu wa zamani, inageuka na kutambaa, na jua la kwanza linaukausha wote. Mara nyingi udongo huo huja na ndago, ambayo ukiilima unakata vijizi vyake na kuisambaza.

Penye upara kabisa, lima sentimita 15 na upande vipande vya ukoka vyenye vifundo viwili au vitatu, kila sentimita 10 hadi 15. Fukia vifundo, acha majani nje, kanyaga kidogo. Mwagilia kila siku wiki mbili za kwanza, kisha punguza: milimita 25 kwa wiki, kwa mara mbili, zinatosha. Weka kopo tupu uwanjani upime.

Machipukizi yakionekana, kama wiki ya tatu, nyunyiza CAN, mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni, gramu 20 kwa mita ya mraba, kilo 2 kwa mita 100, majani yakiwa makavu, na umwagilie papo hapo la sivyo yataungua. Usikate mpaka ukoka ufike sentimita 5, na kila ukataji usizidi theluthi moja ya urefu. Zuia watu na magari kwa wiki 6 hadi 8.

Njia ambayo watu wameshaizoea usishindane nayo. Laza vipande vya zege vya sentimita 40 kwa 40, katikati hadi katikati sentimita 60, vikae sentimita 1 chini ya usawa wa udongo ili mashine ya kukatia nyasi ipite juu.