Jinsi ya kuwaonyesha "Roman Holiday" watu waliozoea tamthilia

Ukitaka sebule nzima itoe simu mfukoni, waambie watu kwamba leo mnaangalia picha la mwaka 1953 lisilo na rangi. Mimi sisemi hivyo. Nasema: binti mfalme katoroka usiku, kaokotwa barabarani na mwandishi wa habari aliyefulia, na huyo mwandishi akiiuza habari yake analipwa dola 5,000. Kisha nabonyeza rimoti. Swali la rangi halijawahi kuulizwa kabla ya nusu saa, na likiulizwa wengine wanamnyamazisha muulizaji.

Kaka yangu aliwahi kuwa na kibanda umiza, banda la kuonyesha video kwa kiingilio, Msamvu, Morogoro, nami nilikaa mlangoni nikipokea hela. Pale mlangoni nilikuwa naona nani anatoka na anatoka saa ngapi. Watu hawakutoka kwa sababu picha ni la zamani. Walitoka kwa sababu hawajui nani ni steringi na anataka nini. Siku hizi mlango ni wa sebule yangu, watazamaji ni wapwa zangu, mawifi na jirani mmoja ambaye tamthilia za Kituruki anazijua hadi majina ya walinzi, lakini kanuni ni ileile.

Anza na nakala. Tafuta iliyosafishwa, hata kama bando litaumia kidogo. Filamu hii imebebwa na nyuso, na kwenye nakala mbovu nyuso zote zinakuwa majivu. Washa maandishi ya chini hata kama wageni wako wamesoma. Waitaliano wakiongea Kiitaliano humo ndani na hakuna anayekutafsiria, usihangaike. Yule binti mwenyewe yuko ugenini, nanyi mko ugenini pamoja naye. Chakula kiliwe kabla. Ni dakika 118, na sehemu bora kuliko zote haina maneno mengi, sasa mtu akianza kukwangua sufuria pale, utamchukia.

Mwanzoni kabisa yanapita maandishi yanayosema filamu yote imepigwa na kurekodiwa Roma, Italia. Wasomee kwa sauti. Siku zile studio za Hollywood zilikuwa zikijenga miji ya mbao California na kuiita Paris au Cairo. Mwongozaji, William Wyler, alikataa mji wa mbao, akaipeleka kamera Roma yenyewe kiangazi cha 1952. Zile ngazi ni ngazi za kweli, na ile pikipiki aina ya Vespa inakatiza kwenye barabara za kweli.

Sasa dakika za kwanza. Inaanza kama taarifa ya habari: binti mfalme Ann yuko ziarani, London, Amsterdam, Paris, sasa Roma. Hapa wapwa watachezea mito ya kochi. Waache. Subiri kiatu. Yuko kwenye hafla ubalozini, anapokea wageni mmoja mmoja, miguu inawaka moto, na chini ya lile gauni refu anavua kiatu kimoja apumzishe unyayo. Kiatu kinaanguka. Anakitafuta kwa vidole huku juu anatabasamu na kusalimia. Mwanamke yeyote aliyesimama kwenye viatu virefu harusini kuanzia saa mbili usiku mpaka keki inakatwa ataingia kwenye filamu hapo hapo. Wifi yangu mkubwa hukicheka kile kiatu kuliko kitu kingine chochote.

Hapo ndipo nawaambia habari ya yule mwigizaji, kwa ufupi. Audrey Hepburn alikuwa na miaka 23 walipokuwa wakipiga picha, na Marekani alikuwa bado hajabeba filamu kama steringi. Nyota alikuwa Gregory Peck, anayemwigiza yule mwandishi, Joe Bradley. Peck alipoona binti anavyofanya kazi, akataka jina lake liwekwe juu pamoja na la kwake, si chini kwa herufi ndogo. Hepburn akaja kushinda Oscar kwa uhusika huu.

Ukiwa na mzee kutoka Kenya sebuleni, muulize kuhusu Februari 1952. Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, alikuwa Treetops, hoteli ya juu ya mti kule Nyeri, ziarani kama huyu Ann, baba yake alipofariki. Alilala binti mfalme, akashuka malkia. Kamera za Wyler zilianza kazi miezi michache baadaye. Filamu haikumlenga yeye, na nchi ya Ann haitajwi hata jina, lakini watu wa 1953 walikaa ukumbini wakijua kwamba msichana wa aina hiyo yupo na ratiba yake imejaa.

Sasa jambo gumu: kutafsiri. Kila sebule ina mtu aliyelelewa na filamu za kutafsiriwa, naye atataka kusimulia kila kitu juu ya sauti. Mpe kazi ndogo, asiisambaze. Aeleze mambo mawili tu. La kwanza ni pale ofisini, Joe Bradley anapochelewa kuamka, anamdanganya bosi wake kwamba ameshamhoji binti mfalme, na bosi anamwonyesha gazeti: binti mfalme mgonjwa, ziara imesitishwa. Joe anaitazama picha ya gazetini na kugundua ndiye aliyelala kwenye kochi lake. La pili ni ule mkataba wa dola 5,000, na dau la dola 500 juu yake. Wakishaelewa hayo mawili, hawahitaji mkalimani.

Maana mashine ya ucheshi humu ni moja. Ann anadai ni mwanafunzi aliyetoroka shule. Joe anadai anauza mbolea na kemikali. Yeye anajua siri ya binti, binti hajui ya kwake, na sisi tunajua zote mbili. Kila tendo la ukarimu la Joe lina bei nyuma yake: anamnunulia kinywaji, rafiki yake Irving anapiga picha kwa kamera iliyofichwa ndani ya kiberiti cha gesi. Tunacheka, na tunamwonea haya kidogo. Kisha taratibu bei inaanza kumwasha mwenyewe. Hakuna anayetamka hilo. Angalia tu anavyozidi kukosa raha kadiri siku inavyokuwa nzuri.

Wakifika kwenye Kinywa cha Kweli, kile kichwa cha jiwe penye kanisa la Santa Maria in Cosmedin, usiguse rimoti na usiseme neno. Inasemekana mwongo akitia mkono mdomoni mwake, unang'atwa. Waongo wetu wawili wanasimama mbele yake. Ann anajaribu, anaurudisha mkono haraka. Joe anatia wake, anapiga kelele, anautoa na mkono haupo: kauficha ndani ya mkono wa koti. Peck hakumwambia Hepburn kwamba atafanya hivyo. Ule ukelele ni wake kweli. Hili waambie baadaye, si kabla.

Kuanzia hapa naongelea mwisho, kwa hiyo kama hujaiona, acha kusoma ukaiangalie.

Watu waliozoea tamthilia watangoja harusi. Usiwatayarishe. Ann anarudi ubalozini kwa miguu yake, na Joe anaiacha habari, anaachia na hela. Siku ya pili wanakutana ukumbini, Ann juu na heshima zake zote, Joe chini kati ya waandishi, na kila neno wanaloambiana ni la kiserikali. Ann anapoulizwa mji gani alioupenda, anaanza jibu la kibalozi, halafu analikata katikati na kusema Roma. Irving anamkabidhi bahasha ya picha. Wanapeana mikono. Kwisha.

Jirani yangu wa tamthilia za Kituruki alipiga kelele, "Amfuate!" Kisha akanyamaza, akaniuliza kama kuna sehemu ya pili. Nadhani jibu la kwa nini filamu hii haichakai liko kwenye hasira yake. Haina adui wa kumlaumu. Shangazi mbaya hayupo, barua iliyopotea haipo. Binti ameona siku moja ya uhuru, kisha kachagua kazi yake akiwa macho wazi, na huwezi kumtukana mtu kwa hilo.

Taa ziwake polepole. Kama kuna anayeuliza nani kaitunga, mweleze kuhusu Dalton Trumbo. Alikuwa kwenye orodha ya waliopigwa marufuku Hollywood kwa siasa zao, hivyo hadithi ikapita kwa jina la rafiki yake Ian McLellan Hunter, ambaye ndiye aliyetajwa Oscar ilipotolewa. Trumbo alifariki 1976. Mjane wake alikabidhiwa tuzo hiyo 1993. Waongo wawili wanaopendana waliandikwa na mtu asiyeruhusiwa kutumia jina lake, na mimi hapo huwa napenda kunyamaza niwaache wajibizane.

Wakitaka kurudia wiki inayofuata, wape kazi: wamwangalie Irving peke yake. Pale mkahawani anakaribia kutamka siri mara kadhaa, na kila mara Joe anamkanyaga, anamwagia kinywaji au anampindua na kiti. Eddie Albert, anayemwigiza Irving, anaanguka kwa ustadi ambao mara ya kwanza huuoni, kwa sababu macho yako yote yako kwa binti.